Ngozi ya Tulia

Ngozi ya ndama iliyokaushwa kwa chumvi haikunjiki ndani ya begi la safari. Niligundua hilo mwezi wa sita mwaka huu, nyumbani kwangu Singida, nimepiga magoti sakafuni, nasukuma kona moja ndani na nyingine inachomoka. Mwishowe niliiviringisha kama mkeka, nikaifunga kwa kanga kuukuu na kuibeba begani hadi stendi. Utingo aliuliza kinachonuka ni nini, nikamwambia ni mzigo wa kifamilia, naye kwa adabu zake akauweka buti bila kuuliza tena. Sikumdanganya. Nilikuwa napeleka Same ngozi ya ng'ombe aliyekufa miaka kumi na miwili iliyopita, ng'ombe ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yoyote, kwa sababu aliishi na kufa ndani ya kompyuta ya mama mdogo.

Wiki mbili kabla ya hapo mama mdogo alikuwa amenipigia simu kusema anafunga duka lake la steshenari. Magoti hayamruhusu tena kusimama siku nzima kwenye mashine ya kopi, anarudi zake mlimani, kwa hiyo kama kuna kitu nakitaka nije nichukue. Akataja meza, feni, viti viwili vya plastiki, kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kutaja viti, kwamba kompyuta ya Heriel bado ipo na fundi mmoja anaitaka kwa ajili ya vyuma. Kompyuta ilikuwa ya duka. Lakini yeye alisema ya Heriel. Nilikata simu nikaanza kufagia nyumba niliyokuwa nimeifagia asubuhi, nikaosha vikombe visafi, nikatoka nje, nikarudi. Ndivyo nilivyo. Katika miaka tisa ya ualimu nimefundisha shule nne, na kila mkuu wa shule niliyemwomba barua ya uhamisho ameniuliza nakimbia nini. Huwa nasingizia hali ya hewa. Sitaki kusema kwamba yote yalianza mwaka ule, maana kuna watu wamezaliwa na nyayo zinazowasha, na huenda mimi ni mmoja wao. Ila mwaka ule ndio nilijifunza kuondoka mahali kabla sijaulizwa swali.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, narudia mtihani wa kidato cha nne. Kiingereza ndicho kilichoniangusha, kikaniangusha vibaya, na nyumbani wakaona heri nishuke Same nikae kwa mama mdogo, nisaidie dukani huku nasoma. Duka lilikuwa chumba cha mbele, na nyuma ya pazia la maua ndiko tulikoishi sote watatu, mama mdogo, Heriel na mimi. Mbele kulikuwa na kaunta ya mbao, mashine ya kopi iliyonguruma kama mgonjwa anayeamshwa, kompyuta moja, na feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, kwa hiyo mteja alipata upepo na sisi tulipata joto. Nyuma kulikuwa na vitanda viwili, godoro moja linalosimamishwa ukutani mchana, ndoo za maji, na jiko la mkaa ambalo juu yake kila Jumatatu makande yalichemka toka asubuhi, kifuniko kikigonga sufuria bila kuchoka. Mpaka leo nikisikia kifuniko kinagonga nasikia njaa na wasiwasi kwa pamoja. Vumbi la Same liliingia kwa kila tundu. Ukifuta skrini saa mbili, saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake. Na kwenye dirisha la nyuma ilionekana milima, kijani na mawingu yake, nyumbani kabisa, karibu kiasi cha kukasirisha.

Heriel alikuwa mtoto wa mama mdogo, ana miaka kumi na saba, mrefu, mwembamba, na moyo wake ulikuwa na ugonjwa. Akipanda kilima kidogo midomo inabadilika rangi. Alikuwa ameacha shule kwa muda akisubiri matibabu, naye alisubiri kwa utulivu ulionichosha kumtazama. Mimi nilikuwa nikikaa dakika kumi nainuka, naenda mlangoni, natazama barabara kuu na malori yake, narudi, nafungua kitabu, nakifunga. Yeye alikuwa haondoi macho kwenye skrini. "Dada Kiete, tulia," aliniambia mara ishirini kwa siku, na alipompata ng'ombe wake wa kwanza kwenye mchezo wa kompyuta akamwita jina hilo hilo, Tulia, ili, kama alivyosema, awe na angalau mmoja anayemsikia.

Mchezo wenyewe aliuleta rafiki yake kwenye flashi. Wanaoujua wameshaujua, na kwa asiyeujua nitasema hivi: ni dunia iliyojengwa kwa matofali ya mraba, miti mraba, mawingu mraba, ng'ombe mraba, na wewe umeachwa humo uishi. Unakata mti, unachimba jiwe, unalima, unafuga. Hakuna anayekuambia umeshinda. Dunia ya Heriel ilikuwa kisiwa, maji pande zote, na kisiwa chote alikigeuza kikawa kwetu. Alijenga milima. Juu mlimani alichimba ndiva, lile bwawa letu la kukusanya maji ya umwagiliaji, na toka kwenye ndiva mfereji ukashuka mpaka kwenye ngano, ngazi kwa ngazi, hakuna hata hatua moja iliyoachwa bila kulimwa. Mimi niliyemcheka mwanzoni nilikuja kukaa nyuma ya kiti chake bila kujua saa zimekwendaje. Kulikuwa na kuku wengi mno na kondoo kama thelathini, wamebanana kwenye boma moja. Na kulikuwa na ng'ombe wawili tu, Tulia na mwenzake, nje ya boma, kwenye kipande kidogo cha nyasi ufukweni.

Mwezi wa tatu aliitwa hospitali Moshi, na ikasemwa atakaa huko muda mrefu kabla ya kupasuliwa. Asubuhi ya kuondoka, mama mdogo akiwa mlangoni na begi, Heriel alikaa kwenye kiti chake akanipa kipanya cha kompyuta mkononi, kisha akavaa uso wa mzee wa boma. Kwetu mtu mwenye mifugo hawaweki wote nyumbani kwake. Anampa jirani au ndugu mmoja amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani kwake, na baada ya ndama kadhaa naye anapata wake. Haiandikwi popote. Heriel aliyasema masharti yote, moja moja, kwa sauti ya wazee.

"Maziwa yako, samadi yako, ndama wa tatu wako."

"Na akifa?" nikauliza, kwa kumtania.

"Akifa unaleta ngozi."

Tukacheka sote wawili. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa ameshika begi, na niliona neno lile la kufa limemgusa mahali, akatuambia tuache upuuzi, basi halimsubiri mtu.

Jumapili za kwanza, mpaka mwezi wa tano, nilikwenda na mama mdogo Moshi. Tulibeba hotipoti ya makande, maana Heriel alisema chakula cha hospitali hakina kosa ila hakina mama. Wodi ilikuwa ndefu, yenye madirisha makubwa na harufu ya dawa ya kufutia sakafu, na kitanda chake kilikuwa cha nne toka mlangoni. Kabla hajaniuliza habari za nyumbani aliniuliza habari za Tulia. Nikamwambia anakula. Akafumba macho akitabasamu, akataka nimweleze ngano imefika wapi na kama mfereji unavuja. Nikaeleza yote, na mzee wa kitanda cha pili akatusikiliza kwa makini, mwishoni akauliza shamba letu liko kijiji gani.

Sasa nieleze nilivyomuua Tulia. Ile nyasi ya ufukweni ilinikera. Mimi ni binti wa mlimani. Kwetu ng'ombe hazururi. Anakaa ndani, unamkatia majani, unambebea kichwani, na kwenye nyumba za bibi zetu ng'ombe alilala ndani kabisa, upande mmoja yeye, upande mwingine watu, katikati moto usiozimika, na moshi ule ndio uliomfukuzia wadudu. Kumwona Tulia amesimama ufukweni kama asiye na mwenyewe kulinitia aibu kana kwamba majirani watapita waone. Basi siku moja ya mwezi wa tano, duka halina wateja, niliwavuta wote wawili kwa ngano mkononi mpaka juu karibu na ndiva, nikawajengea nyumba nzuri ya mbao, paa la mbao, mlango wa mbao. Nikawawekea maji. Na katikati ya nyumba, kama inavyopasa, nikawasha moto.

Akaingia mteja anataka kopi za cheti cha ubatizo, nakala tano. Nikamtolea, tukasemezana kidogo kuhusu mvua. Niliporudi kwenye skrini hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mraba mweusi na ndimi mbili tatu za moto zinamalizia mlango. Pale walipokuwa wamesimama zilielea nyama zilizokwisha kuiva, maana mchezo ule ng'ombe akiungua anakuachia nyama choma tayari, na kando yake ngozi moja. Moja tu. Nyingine nadhani iliungua. Niliiokota. Nakumbuka nilicheka, cheko la mtu aliyevunja chungu cha watu, kisha nikaangalia mlangoni kuona kama mama mdogo anakuja. Nikaiweka ngozi ndani ya sanduku la Heriel, chini ya mbegu na makaa, nikafunga.

Ningeweza kusema Jumapili ile ile. Nimelirudia jambo hili mara nyingi na kila mara linaonekana jepesi: unakwenda, unakaa kwenye ukingo wa kitanda, unasema mdogo wangu, nimeunguza ng'ombe. Angecheka mpaka wauguzi waje. Lakini mtu mwenye miaka kumi na tisa aliyeshindwa mtihani hana nafasi ya kushindwa kitu kingine, hata kitu cha mchezo, na mimi nilijipa ruhusa ya wiki moja tu, nimpate ng'ombe mwingine kwanza. Ng'ombe wa mchezo ule ni mapacha wote. Hawezi kujua. Jumapili nikasema nina mazoezi ya mtihani. Heriel akatuma ujumbe kwenye simu ya mama yake: Tulia hajambo? Nikajibu hajambo, ananenepa.

Wiki ikawa tatu. Nilitengeneza mtumbwi nikavuka maji kutafuta nchi nyingine yenye ng'ombe, nikapotea, nikafa njaa katikati ya bahari ya mraba. Nikajaribu tena nikafa tena. Mama mdogo aliniuliza kwa nini nafinya kibodi kana kwamba namfinya mtu. Mwishowe, siku moja duka lilipowasha modemu kwa ajili ya wanafunzi wanaotafuta matokeo, nikatafuta jinsi wanyama wanavyozaliwa katika mchezo ule, nikachapisha kurasa tatu za Kiingereza, nikazificha ndani ya daftari la masomo. Nilizisoma kwa kamusi, neno kwa neno, siku nne. Sijawahi kusoma kitu kwa njaa kama ile.

Wanyama wale hawatoki kwa wazazi peke yake. Wanaweza pia kutokea tu, toka hewani, wanne kwa pamoja, lakini kwa masharti. Wanataka tofali lenye nyasi chini ya miguu, na Heriel alikuwa amelima kila tofali, na kile kipande cha ufukweni nilikuwa nimekifanya njia. Wanataka mwanga. Wanataka nafasi katika hesabu, kwa sababu mchezo unahesabu wanyama wote walio karibu nawe, na wakishafika idadi fulani ndogo hauleti mwingine. Sisi tulikuwa na kuku wasiohesabika na kondoo thelathini ambao hakuna aliyefikiria kuwachinja, maana nani anachinja majike ya watu? Na sharti la mwisho ndilo lililoniweza. Hawatokei karibu na mchezaji. Ukisimama kuwangoja, hawaji. Ukienda mbali sana, nchi yote inalala, hawaji pia. Inatakiwa uwe umbali wa katikati na utulie hapo.

Nilizungusha kurasa zile mkononi nikaona mzaha wake. Kila nilichofundishwa toka utotoni, kulima mpaka ukingo, kuweka mnyama ndani, kulimbikiza, kukaa karibu na kutazama, ndicho kilichowazuia. Basi nikaanza kubomoa. Nilianza na ngazi moja ya ngano, nikaiacha irudi nyasi. Nyasi inatambaa polepole toka tofali hadi tofali, na mimi siyo mtu wa polepole, nikabomoa ngazi ya pili na ya tatu. Nikaingia bomani na upanga. Kondoo wa Heriel niliwaua mmoja mmoja, mchana kweupe, huku mama mdogo akipepeta maharage nyuma ya pazia na kuimba wimbo wa kanisani. Ili kuficha kifo cha ng'ombe wawili niliua mifugo yote niliyokabidhiwa na nusu ya shamba. Nililiona hilo wakati nalifanya. Sikuacha.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane alikuja mama mmoja tuliyemwita Mama Perege, kwa sababu alileta samaki wa perege waliokaushwa toka bwawa la Nyumba ya Mungu. Mama mdogo alimkaribisha nyuma, akamwekea chai ya tangawizi, na mimi nilikuwa mbele, nimemsimamisha mchezaji wangu juu ya mwamba kwenye skrini, nangoja. Maneno yalipita kwenye pazia. Shemeji yake wa Maore alikuwa anatunza mbuzi wa mtu wa Msangeni. Mbuzi akavimba tumbo akafa. Shemeji akaogopa, akanunua mwingine mwenye baka jeupe vile vile usoni, akanyamaza. Mwenye mbuzi alikuja baada ya mwaka, akamtazama mbuzi, akala ugali wake, akashukuru, hakusema neno. Wiki iliyofuata akatuma vijana wakachukua mifugo yake yote kwenye kila boma la ukoo ule.

Nilisikia kikombe kinawekwa chini. "Mbuzi hufa," mama mdogo akasema. "Hakuna anayekasirikia kufa. Ngozi ndiyo inayosema kwamba hukumla."

Nilitoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimenichoma. Nikatoka nje, nikatembea mpaka kituo cha mafuta na kurudi, upepo umenijaza mchanga mdomoni. Nikaamua Jumapili nakwenda, nitasema. Jumamosi nikapata mafua ya uongo. Namwona mama mdogo amesimama na hotipoti, amevaa gauni lake la kanisani, ananitazama kwa muda kidogo kuliko inavyohitajika kumtazama mtu mwenye mafua. Akaondoka peke yake. Aliporudi jioni alisema Heriel amenisalimia. Hakusema ameniulizia Tulia. Nilifurahi, na nikaona ajabu kwamba nimefurahi.

Nguruwe walitokea kwanza. Nilikuwa nimejifunza kukaa pale kwenye mwamba, umbali wa katikati, lakini kila baada ya dakika chache nyayo ziliwasha nikashuka kwenda kutazama, na kwa kwenda kutazama nikaharibu. Kwa hiyo nikaanza kumwacha mchezaji amesimama, mimi nikasome. Ndiyo maana nilifaulu Kiingereza, kama mtu anataka kujua. Nikirudi nakuta nguruwe wanne waridi kwenye ngazi ambapo Heriel alipanda ngano. Nikawaua. Wiki nyingine kuku. Nikawaua. Mwezi wa tisa ukapita, Heriel akapasuliwa, ikasemwa kupasuliwa kumekwenda vizuri, kisha ikasemwa tusubiri. Mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, nilitoka kumpimia mteja karatasi za manila nikarudi, na pale juu karibu na ndiva, kwenye nyasi mpya, walikuwapo ng'ombe wanne.

Sikuruka wala kupiga kelele. Nilikaa nikawatazama mpaka macho yakauma. Mmoja alikuwa amegeukia upande wangu. Nikasema kwa sauti, Tulia, na nikajua siye, na nikajua pia kwamba sitasema. Kisha nikaenda nyuma, nikamwambia mama mdogo Jumapili hii tunakwenda wote. Alikuwa anachambua mchele. Akasimamisha mkono. Akasema vizuri mwanangu, atafurahi sana, ataulizia, na akanipa ungo nimsaidie. Siku tatu zile nilikuwa mtu mwepesi, niliosha pazia, nilifuta mashine ya kopi mpaka kwenye vishimo vyake.

Heriel alifariki Ijumaa.

Tulimpandisha mlimani Jumapili ile ile niliyosema nitakwenda. Nilipika msibani pamoja na wanawake wengine, nikasonga ugali kwenye sufuria kubwa mpaka viganja vikatoa malengelenge, na kila aliyepita alinisifu kwamba najitoa, kwamba kweli nilimpenda ndugu yangu. Nilimpenda. Na miezi mitano nilikuwa sijamwona kwa sababu ya ng'ombe. Nikafanya mtihani mwezi uliofuata, matokeo yalipotoka nikaenda Dodoma, kisha kwingine, kisha kwingine. Mama mdogo nilimsalimia kwa simu kila sikukuu na nilimtumia vitenge. Kwake nilipita mara tatu tu katika miaka yote, nikikaa kwenye ukingo wa kiti, begi mapajani. Siku zote nilikuwa na basi la kuwahi.

Ngozi niliinunua kwa mchinjaji wa Singida, na nilimsumbua sana mpaka akaapa kuwa ni ya ng'ombe, siyo ya mbuzi. Alidhani nataka kuwamba ngoma.

Nilifika Same mchana, upepo ule ule. Duka lilikuwa tupu, rafu zimeacha alama safi ukutani, na pazia la maua limeondolewa, kwa hiyo toka mlangoni niliona moja kwa moja mpaka dirisha la nyuma na milima. Kompyuta ilikuwa juu ya kaunta, imefunikwa kitenge. Nikasema shikamoo mama mdogo, akaitikia marahaba mwanangu, akaninawisha, akanipakulia makande. Tulikula tumekaa kwenye vile viti viwili vya plastiki. Amepungua, mikono imekuwa midogo. Baada ya kula niliunganisha nyaya za kompyuta nikabonyeza, mara ya kwanza, mara ya pili. Feni ya ndani ilikohoa ikazimika. Ile ngozi niliyoizika chini ya mbegu haikuwa ya kutolewa tena. Nilikuwa nimetegemea hivyo, nadhani, ndiyo maana nilibeba nyingine.

Nilifungua kanga nikaitandika juu ya kaunta. Mama mdogo akasogea. Aliipapasa upande wa manyoya, akaigeuza, akapitisha vidole upande wa nyama taratibu, kama wenye mifugo wanavyofanya wakitafuta alama za kisu.

"Ya nani?"

"Ya Tulia, mama mdogo. Wa Heriel. Nilimuunguza zizini mwezi wa tano, nikaficha."

Lori lilipita barabarani, vioo vikatetema. Alikuwa bado ameweka kiganja juu ya ngozi.

"Alijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje, maana mimi ndiye pekee niliyegusa mashine ile, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Si uliacha kuja. Jumapili ya tatu bila wewe akaniambia, mama, Tulia amekufa, dada Kiete anaogopa. Akacheka. Kila wiki alikuwa akitazama mlango, akisema leo ataleta."

Nililia hapo, kwa sauti, nimeshika ukingo wa kaunta ambayo ilikuwa imeuzwa tayari. Hakunibembeleza. Nilipoweza kusema nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii, hata kwenye simu. Akaanza kuiviringisha ngozi, kwa uangalifu, kuanzia miguuni.

"Ngozi analeta aliyetunza, haifuatwi," akasema. "Naye Heriel aliniagiza. Kiete akileta, msimgombeze. Mpeni mwingine."

Akaifunga kwa kanga yangu mwenyewe, akaiweka juu ya mizigo yake iliyokuwa tayari mlangoni, vyungu, ndoo, hotipoti ile ya zamani yenye kifuniko kilichopasuka. Akasema huko juu ana mtamba, mweusi, hajazaa bado, na kwa magoti haya hawezi kumkatia majani peke yake. Ananipa huyo; hata nikiwa mbali, nitakuwa na wangu pale, na mwenye mfugo hupita kuutazama. Akaniuliza nitapanda lini kumwona.

Nikasema Jumapili. Nilisema kwa mazoea tu, na nikamwona anainua macho, mkono umesimama, kama siku ile ya mchele.

"Hapana," nikasema. "Twende leo."